Loretta Whiffen, Aliyekataa Kuhama Kisiwa cha Brewer

Wasikilizaji wapendwa, leo sina utani wa kufungulia kipindi. Wale mliozoea nianze kwa kuisema feri, nisameheni. Feri imechelewa, hilo mnalijua. Leo tumefiwa.

Loretta Whiffen hatunaye tena. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Great Ennis, hapa bara, akiwa na miaka tisini na minne. Amefia jikoni. Binti yake, Carmel, alikuwa anamkaangia madonge ya unga wa mkate uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe, chakula cha asubuhi alichokipenda kuliko vyote. Carmel akageuka kumuuliza kama anataka shira nyingi au kidogo. Hakujibiwa. "Na mama hakuwahi kukosa jibu juu ya shira," Carmel aliniambia. "Hapo hapo nikajua."

Mimi ni Austin Lake, na wengi mnajua kwamba nilizaliwa Kisiwa cha Brewer, humu humu Ghuba ya Placentia. Loretta alikuwa jirani yetu. Tulimwita Shangazi Loretta. Si shangazi yangu wa damu, lakini ghuba nzima ilimwita hivyo, naye aliitika na kukukaribisha chai.

Sasa, ukitaja jina la Loretta Whiffen kwa watu wa umri wangu, watakuambia jambo moja tu. Aa, yule mwanamke aliyekataa kuhama! Ndiye. Ni yeye aliyekizuia kisiwa kizima miaka mitatu. Watu wazima waliapa kwamba hawatamsalimia mpaka wanaingia kaburini. Nimesikia majina aliyoitwa, na mengine siwezi kuyasema hewani maana nitafukuzwa kazi katika uzee wangu.

Leo nitawaeleza kwa nini alikataa. Nina ruhusa ya familia. Carmel alisema, "Austin, sema yote. Mama mwenyewe aliniagiza: nikishaondoka waambie, mimi nimelibeba vya kutosha."

Basi nasema yote.

Alizaliwa Loretta Pittman, upande wa kusini wa kisiwa, mtoto wa mvuvi. Alikuwa msichana mwenye kelele. Dada zake walisema ukimtafuta Loretta huhitaji macho, tega sikio tu. Akaolewa na Leander Whiffen akiwa na miaka kumi na minane. Leander alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Ukimuuliza habari za asubuhi, jibu unalipata mchana. Alijenga nyumba yao kwa mikono yake mwenyewe, juu ya nguzo, kama nyumba zote za kwetu, na chini pakabaki wazi kiasi cha mtu kutambaa.

Machi, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tisa. Wazee mnaikumbuka. Siku chache tu zilikuwa zimebaki Newfoundland iingie Kanada, na kila nyumba ilikuwa na ugomvi wake. Baba haongei na mwana, ndugu wanatupiana vikombe. Loretta alikuwa upande wa Kanada, tena kwa sauti. Alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza, na alikuwa amesikia kwamba Kanada inawapa akina mama posho ya watoto.

"Leander," alimwambia mumewe, "nitakuzalia kumi. Wewe utakaa tu kama mfalme."

Leander akafikiri. "Kumi tutawalaza wapi?"

Uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Ukaja katikati ya tufani ya theluji, huoni hata mkono wako. Mkunga wetu, Shangazi Monica, aliishi ng'ambo ya bandari. Leander akavaa, akamfuata. Loretta akabaki peke yake jikoni, juu ya godoro karibu na jiko, na mtoto hakusubiri mtu yeyote.

Alikuwa mvulana. Alizaliwa akipumua. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hili ndilo lililomsumbua Loretta maisha yake yote: mtoto alipumua. Alimshika kifuani, akamfunika kwa shali, akamwimbia. Birika lilikuwa jikoni limejaa maji. Mtoto akapumua kidogo, akapumua kidogo tena, halafu akaacha.

Leander na mkunga walipofika, weupe kwa theluji mpaka nyusi, neno la kwanza la Shangazi Monica lilikuwa hili: "Ulimmwagia maji?"

Loretta akasema, "Maji gani?"

Mkunga akakaa chini na koti lake la theluji.

Mnaelewa, ninyi mliolelewa kama nilivyolelewa. Kwa sheria ya Kanisa, mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Yeyote yule. Unachota maji, unasema maneno yale machache, basi. Lakini kisiwani kwetu kazi ile ilikuwa ya mkunga. Kila mara aliifanya mkunga, mpaka watu wakasahau kwamba mwingine yeyote anaruhusiwa. Loretta alikuwa na miaka kumi na tisa, na alidhani mkono wake haufai. Maji yalikuwa pale pale, hatua mbili kutoka alipolala.

Na mtoto asiyebatizwa, siku zile, hakuzikwa makaburini na wenzake. Tulifundishwa kwamba haendi mbinguni wala motoni, anakaa mahali pa katikati, milele, bila kumwona Mungu. Leo hata padri wetu hasemi hivyo. Lakini siku zile walilisema mbele ya akina mama, tena kwa uso mkavu! Mtoto wa namna hiyo hakulaliwa matanga. Hakuna kengele, hakuna nguo nyeusi. Baba alimbeba peke yake, akamzika nje ya uzio wa makaburi, hakuweka alama. Watu walijua kwamba mimba ilikuwepo na sasa haipo. Hakuna aliyeuliza. Kwetu lilikuwa jambo la kutoulizwa.

Leander akatoka na sururu. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Akajaribu nje ya uzio, akajaribu nyuma ya banda, mpini ukavunjika. Kisiwa kizima kulikuwa na sehemu moja tu yenye udongo laini, nayo ilikuwa chini ya nyumba yake mwenyewe, chini ya jikoni, ambapo joto la jiko lilishuka mchana na usiku. Leander akatambaa chini ya nyumba kwa tumbo lake. Akamzika mwanawe pale, ndani ya kisanduku cha siagi.

Na siku Newfoundland ilipoingia Kanada, waliokuwa wakiiombolezea nchi yao walitundika kitambaa cheusi mlangoni. Nyumba kadhaa kisiwani zilitundika. Loretta naye akatundika.

Majirani wakacheka sana. "Eh, Loretta! Si wewe uliyetuchosha masikio na Kanada yako? Leo umegeuka?"

"Nimegeuka," akasema. Ilikuwa siku moja tu aliyoweza kumlilia mwanawe mbele za watu, na aliitumia.

Tangu wakati huo Loretta hakuacha jiko lake lizime. Kiangazi, kipupwe, usiku wa manane, moshi unatoka. Watu walimtania, "Loretta, unapika nini humo, nyangumi?" Alicheka nao. Miaka michache baadaye akamzaa Carmel, akiwa mzima, mwenye kelele kama mama yake. Halafu Shangazi Monica akafa kwa uzee, na Leander akafa kwa kifua, Carmel akiwa bado mdogo. Kuanzia hapo, mtu aliyejua kilichopo chini ya jikoni alikuwa mmoja.

Ndipo wakaja wale wa kutuhamisha.

Bwana kutoka serikalini alivaa viatu vya mjini, akateleza gatini mbele ya kisiwa kizima, hilo tulilifurahia. Habari aliyoleta mnaijua, maana imevigusa visiwa vingi vya ghuba hii. Serikali itawasaidia watu wa visiwani wahamie bara, kwenye barabara, shule na daktari. Lakini kwa sharti moja. Kaya zote lazima zikubali. Si nyingi. Zote. Nyumba moja ikikataa, hakuna anayepata msaada.

Kisiwa cha Brewer kilitia sahihi katika muda wa wiki moja. Nyumba moja haikutia. Mnajua ni ipi.

Lazima niwe mkweli kwa wale waliokasirika, kwani walikuwa na haki. Mkali kuliko wote alikuwa Bride Pomeroy. Bride yu hai, ana miaka tisini na sita, ananisikiliza sasa hivi na redio yake ameifungulia sauti yote. Binti yake, Rita, alivunjika mguu akiwa na miaka mitano. Daktari hakuwepo, mfupa ukaunga vibaya, na mtoto akawa anachechemea. Bara kulikuwa na daktari ambaye angeweza kuunyoosha upya, ila kadiri mtoto anavyokua ndivyo nafasi inavyopotea. Kwa Bride, kila mwezi ambao Loretta hakutia sahihi ulikuwa mwezi ulioibwa kwenye mguu wa mwanawe.

Mwaka wa tatu, siku moja baada ya rozari, alimsimamisha mlangoni mwa kanisa, watu wote wakiona.

"Loretta, nakuuliza mara ya mwisho. Unataka nini? Unataka serikali ikuongezee? Unataka tukupigie magoti?"

"Sitaki kitu, Bride."

"Basi tia sahihi!"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Mwangalie Rita! Mwangalie mtoto anavyotembea, halafu niambie tena kwamba huwezi."

Loretta alimwangalia Rita. Halafu akavuta kitambaa chake kichwani, akaenda nyumbani.

Baada ya hapo, wakamkata. Hakuna aliyemuazima chumvi. Akifika kisimani, wanawake wanachukua ndoo zao wanaondoka. Krismasi ikaja. Kwetu Krismasi ni siku kumi na mbili za watu wa vinyago. Unavaa nguo za mumeo au za mkeo, unajifunika uso kwa kipande cha pazia, unapita nyumba kwa nyumba. Unazungumza huku ukivuta pumzi ndani ili sauti isijulikane. Wenye nyumba wanabahatisha wewe ni nani. Wakikutaja jina, unajifunua, unapewa keki na kinywaji. Wasipokutaja, unabaki mgeni, na mgeni anaruhusiwa kusema lolote.

Mwaka ule watu wa vinyago walipita kila nyumba isipokuwa ya Loretta. Alikuwa ameoka keki ya zabibu. Carmel anakumbuka. "Kila jioni mama aliiweka mezani, na kila jioni tulisikia kelele zao zinapita dirishani, zinakwenda kwa wengine. Nilimwambia tuile. Akasema, subiri kidogo."

Jioni ya mwisho, mlango ukagongwa. Akaingia mtu mmoja. Koti la mvua la mwanamume, mabuti makubwa, pazia usoni. Yuko peke yake, na watu wa vinyago kwa kawaida hawatembei peke yao. Akasimama katikati ya jikoni na kuuliza kwa ile sauti ya kuvuta pumzi:

"Kwa nini hutaki kuhama, mama mwenye nyumba?"

Alikuwa Bride. Nimezungumza naye Jumatano, akanieleza mwenyewe. "Sikwenda kwa wema, Austin," alisema. "Usinipambe. Nilikwenda kumtukana ndani ya nyumba yake bila yeye kuweza kunirudishia."

Na Loretta alimtambua papo hapo. Angemkosaje? Walicheza pamoja wakiwa wadogo. Angesema tu, "Karibu Bride," pazia lingefunuliwa, na wangebaki wanawake wawili wasiosalimiana. Akamtuma Carmel chumbani akalale. Halafu akasema:

"Sijui wewe ni nani, mgeni. Na usiniambie."

Akamkatia keki. Akamweleza yote. Tufani, birika, swali la mkunga. Kitu ambacho hakumwambia padri, hakumwambia dada yake, aliliambia pazia. Alipomaliza akasema, "Nikiikokota nyumba kwenda bara, ninamwacha chini ya theluji. Nikihama bila nyumba, nani atawasha jiko? Ana mimi tu. Mgeni, hapo uliposimama, umesimama juu ya mwanangu."

Nilimuuliza Bride alifanya nini.

"Niliinua mguu," akasema. "Niliinua mguu, Austin, nikakosa pa kuuweka."

Hakujifunua. Kwa desturi asingeweza, jina lake lilikuwa halijatajwa. Aliweka sahani mezani, akatoka.

Bride hakulitangaza lile jambo. Kwa vile ninavyoujua mdomo wake, nasema huo ni muujiza, na anisamehe. Alichofanya, alianza kuzunguka majikoni ya kisiwa, mwanamke mmoja baada ya mwingine, wanaume wakiwa kazini. Hakumtaja Loretta. Aliuliza swali moja tu: "Na wako, yuko wapi?"

"Kila nilikouliza," alisema, "mtu aliweka chini alichokuwa ameshika. Sikuhitaji kueleza ninauliza nini."

Mwisho wa majira ya baridi akarudi kwa Loretta mchana kweupe, uso wazi, na Rita akiwa amemshika mkono. Hakusalimia.

"Tia sahihi, Loretta."

"Bride, nimekwisha kukuambia. Sitamwacha peke yake."

"Nani kakuambia atakuwa peke yake?"

Wakatazamana. Loretta akalia, Bride akalia, Rita akauliza kama iko keki.

Loretta alitia sahihi wiki hiyo. Nasema tena kwa wale wanaomlaumu mpaka leo: alitia sahihi. Kiangazi kilipokuja, zikaanza kuondoka nyumba. Wanaume wote wa kisiwa kwenye kamba, wakiimba, nyumba inaburutwa juu ya magogo mpaka majini, mapipa matupu yamefungwa kando, halafu boti zinaivuta kwenda bara. Nyumba ya Loretta ilipong'oka kwenye nguzo zake, wanaume waliifuata hadi ufukweni. Wanawake hawakuifuata. Walibaki juu, pale ilipokuwa jikoni.

Kila mmoja alikuwa amekwenda nje ya uzio wa makaburi, mahali anapopajua yeye na mumewe tu, akaokota jiwe. Wakaja nayo kwenye aproni zao. Wakayaweka chini, kuzunguka ule udongo laini, moja moja, bila sala, maana hakuna aliyewahi kuwafundisha sala ya hao. Bride aliweka la kwake. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba Bride ana la kuweka.

Mawe yalikuwa mengi kuliko wanawake.

Rita Pomeroy alifanyiwa upasuaji mwaka huo huo. Mguu haukunyooka kabisa, ila ulinyooka vya kutosha. Alicheza muziki kwenye harusi yake, nilikuwepo. Na Shangazi Loretta aliishi Great Ennis miaka zaidi ya sitini, katika nyumba ile ile iliyoelea. Wengine hawakumsamehe kamwe kwa kuwachelewesha. Hakujitetea hata siku moja, kwani kujitetea kungekuwa kutoa siri za wenzake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, taarifa ya familia. Ibada ya mazishi ni Jumamosi asubuhi, hapa Great Ennis. Upepo ukiruhusu, boti zitaondoka baada ya ibada kwenda Kisiwa cha Brewer. Hatazikwa makaburini. Atazikwa pale ilipokuwa jikoni yake. Padri atakwenda nasi, na alipoombwa alisema tu kwamba atavaa mabuti.

Marehemu ameacha binti, Carmel, wajukuu watano na vitukuu. Ametanguliwa na mumewe, Leander. Na ametanguliwa na mwanawe wa kwanza. Mtoto huyo hajaandikwa kanisani wala serikalini, lakini mama yake alimpa jina akiwa bado anapumua, na nina heshima ya kulisoma kwenye redio hii kwa mara ya kwanza. Ambrose Whiffen. Narudia. Ambrose Whiffen.

Carmel, pole sana. Poleni Whiffen wote na Pittman wote. Nawe Bride, pole. Umepoteza rafiki, na najua utanipigia simu kunikosoa.

Wengine wetu, tujiulize. Tumewahukumu wangapi kwa ukaidi, bila kuuliza wanachunga nini? Kama una mama aliye hai, leo kaa naye. Usimlazimishe aseme. Kaa tu. Na kama lipo jina nyumbani kwenu ambalo halijawahi kusomwa popote, simu yetu iko wazi asubuhi hii. Hatutauliza lolote. Tutalisoma tu.

Mimi nilimuuliza Bride swali moja kabla hajakata simu. Nilimuuliza kama mama yangu alikuwepo siku ile. Mama yangu, Angela Lake, aliyetulea watoto watatu, na ambaye hakuwahi kutuambia neno.

"Mama yako?" Bride akasema. "Aliweka mawili."

Kwa hiyo, ndugu zangu wawili wa Kisiwa cha Brewer, huyu ni Austin. Majina yenu sikuachiwa. Sijui kama ninyi ni wakubwa wangu au wadogo zangu, wala sijui ni nani anayepaswa kumwamkia mwenzake. Basi naanza mimi.

Shikamooni.